Mtoto Mwenye Kipaji Asisubirishwe kwa Sababu ya Lugha

Mwombe mwalimu akutajie mwanafunzi mwenye akili nyingi darasani kwake, na mara nyingi atamtaja yule anayejibu kwa sentensi kamili, asiyesita, anayejua kuuliza swali kwa namna inayompendeza mkubwa. Huenda mtoto huyo ana akili kweli. Lakini alichopima mwalimu pale ni ulimi, na ulimi wa mtoto hunolewa nyumbani kabla shule haijamwona. Yuko mwingine amekaa nyuma, hesabu anaimaliza kabla ya wenzake, ila akiambiwa aeleze njia aliyotumia anasema "nimeona tu." Huyo hatajwi. Makala haya yanamhusu yeye: mwenye kipaji, aliyezaliwa katika nyumba ya kipato kidogo, ambaye akili yake imetangulia na lugha yake ya shuleni imebaki nyuma.

Nautoa msimamo wangu mapema. Lugha ya mtoto wa namna hii haijengwi kwa kumzuia asiguse kazi ngumu mpaka lugha "ikae sawa." Hujengwa ndani ya kazi ngumu yenyewe. Shule nyingi hufanya kinyume, na ubaya ni kwamba kinyume hicho kina sura ya busara, ndiyo maana kinadumu.

Kosa la kupima akili kwa ulimi si la walimu wa kawaida peke yao. Mwaka 1921 mwanasaikolojia Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alianza kuwatafuta watoto wenye akili za pekee katika jimbo la California, akakusanya zaidi ya 1,500. Kwa sehemu kubwa alianza kwa kuwauliza walimu wawataje wanafunzi wao bora. Waliotajwa ndio waliofanyiwa mtihani, na mtihani wenyewe ulitegemea sana maneno. Kundi lake likajaa watoto wa wazungu wa tabaka la kati. Wavulana wawili waliopimwa wakati ule waliachwa kwa kuwa alama zao hazikutosha: William Shockley na Luis Alvarez. Wa kwanza alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956, wa pili mwaka 1968. Katika wale waliochaguliwa hakuna hata mmoja aliyeipata. Na Shockley na Alvarez walitoka katika familia za wasomi! Chujio lililowaangusha hao lingemfanyia nini mtoto wa kibarua?

Mwaka 2005 wilaya moja kubwa ya shule katika jimbo la Florida iliacha kutegemea macho ya walimu na wazazi peke yake. Iliamua kumpima kila mtoto wa darasa la pili kwa mtihani mfupi wa maumbo na mpangilio, usiodai maneno mengi. Wanauchumi David Card na Laura Giuliano, waliochambua mpango huo na kuchapisha matokeo mwaka 2016, walikuta kwamba watoto wa familia maskini na wa jamii za wachache walioingia madarasa ya vipaji wameongezeka sana. Watoto hao hawakuzaliwa mwaka ule. Walikuwepo siku zote, ila hapakuwa na mtu wa kuwapendekeza. Bajeti ilipobanwa na upimaji wa wote ukasimamishwa, idadi ikashuka tena.

Mijadala mingi huishia hapo: tumewapata, tushangilie. Kwangu mimi ndipo shughuli inapoanza. Mtihani wa maumbo humfungulia mtoto mlango, kisha anaingia katika chumba ambamo kila kitu hufanyika kwa maneno: kusoma maandishi marefu, kubishana, kuandika ripoti, kutetea jibu. Aliyetambuliwa bila maneno sasa anadaiwa maneno kuliko alivyowahi kudaiwa maishani. Baada ya muhula mmoja au miwili mwalimu anaanza kunong'ona kwamba huenda mtihani ulikosea. Haukukosea. Shule ilimpa nafasi, ikasahau kumpa nyenzo za kuitumia.

Sasa, anapungukiwa na nini hasa? Kwa miaka mingi jibu lililotawala lilitokana na utafiti wa Betty Hart na Todd Risley wa Marekani, uliochapishwa mwaka 1995. Walizitembelea familia 42 mara moja kwa mwezi, saa moja kila mara, kwa takriban miaka miwili na nusu, wakirekodi yaliyosemwa mbele ya mtoto. Kutokana na rekodi hizo wakakadiria kwamba kabla ya kuanza shule mtoto wa familia inayoishi kwa ruzuku ya serikali huwa amesikia maneno milioni 30 pungufu kuliko mtoto wa wataalamu. Namba hiyo ilipendwa na wanasiasa, wafadhili na waandishi wa magazeti, ingawa familia za ruzuku katika utafiti huo zilikuwa 6 tu. Mwaka 2018 Douglas Sperry na wenzake walichapisha utafiti wa jamii tano tofauti na hawakuliona pengo hilo likijitokeza kama lilivyotangazwa. Katika baadhi ya jamii za kipato cha chini watoto walikuwa wamezungukwa na maneno tele, hasa ukihesabu na maneno ya ndugu, majirani na wageni, si ya mama peke yake.

Ubishi huo wa namba haujaisha, na sidhani una faida kubwa kwa mtoto tunayemzungumzia. Kinachonivutia zaidi ni utafiti mwingine wa mwaka 2018, wa Rachel Romeo na wenzake, uliofanywa kwa watoto wa miaka minne hadi sita. Wao walihesabu zamu: mtoto anasema, mkubwa anajibu, mtoto anaendelea. Waliozoea kupokezana zamu nyingi na wakubwa walikuwa na uwezo mkubwa zaidi wa lugha, na eneo la ubongo linalohusika na lugha lilifanya kazi zaidi waliposikiliza hadithi, hata baada ya kuzingatia kipato cha wazazi na wingi wa maneno yaliyosemwa. Utafiti wa namna hii hauwezi kuthibitisha peke yake kwamba mazungumzo ndiyo yaliyoujenga ubongo. Lakini unaelekeza macho mahali pazuri: pale mtoto anapojibiwa.

Kwa hiyo mzazi anayerudi usiku baada ya zamu mbili za kazi asipewe mhadhara juu ya maneno milioni 30. Atauchukua kama tusi, na ana haki. Liko jambo moja tu ambalo ningemwambia, na halina gharama: ongea na mwanao kwa lugha unayoijua vizuri zaidi, na akikuuliza "kwa nini," usimkate kabla hajafika mwisho wa wazo lake. Nimesikia ushauri wa kinyume ukitolewa kwa nia njema kabisa, kwamba mzazi aache lugha ya nyumbani aanze kuongea lugha ya shule ili mtoto "azoee." Mzazi anayeijua lugha hiyo kwa shida atatoa amri fupifupi: njoo, kula, lala, acha. Masimulizi, utani, ubishi, maelezo ya jinsi kitu kilivyotengenezwa, yote yanabaki katika lugha aliyoambiwa aiache. Mtoto anapoteza mazungumzo marefu kwa kubadilishana na sentensi za maneno mawili. Biashara hiyo ni ya hasara kwa mtoto yeyote, na kwa mwenye kipaji ni hasara maradufu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na maswali mengi zaidi.

Tukija shuleni, kuna tofauti ambayo kila mwalimu anapaswa kuijua. Jim Cummins, mtafiti wa Canada aliyechunguza watoto wahamiaji, alionyesha kwamba mtoto anayejifunza lugha mpya huweza kuongea na wenzake vizuri baada ya takriban miaka miwili, lakini huhitaji miaka mitano hadi saba kuwafikia wenzake katika lugha ya masomo, ile ya vitabu, insha na maelezo ya kisayansi. Mtego uko hapo katikati. Mwalimu anamsikia mtoto akicheka na kupiga soga uwanjani, anaamini lugha ameshaimudu, kisha anakuta insha yake ni dhaifu. Hitimisho linalokuja haraka ni kwamba akili yake ni ya kawaida. Na jambo hili haliwahusu wahamiaji tu. Hata pale lugha ya nyumbani na ya shule zinapoitwa kwa jina moja, lugha ya kupigia soga na lugha ya kutetea hoja kwa maandishi ni vitu viwili, na watoto hawaanzi wakiwa na umbali sawa kuifikia hiyo ya pili.

Gharama ya kuipuuza tofauti hii tunaweza kuiona katika maisha ya Srinivasa Ramanujan. Alizaliwa kusini mwa India mwaka 1887, baba yake akiwa karani katika duka la nguo. Shuleni alikuwa hodari, akapata ufadhili wa kuingia chuo cha serikali cha Kumbakonam. Huko akazama katika hisabati, akaanguka katika insha ya Kiingereza, na ufadhili ukafutwa. Alijaribu tena katika chuo kingine huko Madras, akaanguka tena katika masomo yasiyo ya hisabati. Miaka iliyofuata aliishi kwa shida, akiandika kanuni katika madaftari yake, hadi mwaka 1913 barua yake ilipomfikia G. H. Hardy, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Mwaka 1918 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London. Alifariki mwaka 1920 akiwa na umri wa miaka 32.

Kisa hiki hupenda kusimuliwa kama ushindi wa kipaji. Mimi nakisoma kama hesabu ya miaka iliyopotea. Chuo hakikukosea kumtaka ajue Kiingereza. Bila Kiingereza barua kwa Hardy isingeandikika. Kilikosea kukifanya Kiingereza kuwa sharti la kuendelea na kitu alichokuwa tayari anakiweza kuliko walimu wake, bila kumpa mtu wa kumsaidia kukifikia.

Shule za leo hazifukuzi kwa urahisi hivyo, ila zina namna yake ya upole ya kufanya jambo lilelile. Mtoto anapewa darasa la ziada la lugha. Anatolewa katika kipindi cha sayansi, anapelekwa chumba cha pembeni, anajaza nafasi zilizoachwa wazi: kitenzi kipi kinafaa hapa, wingi wa neno hili ni nini, panga sentensi hizi. Maandishi anayopewa yamerahisishwa mpaka hayana wazo lolote ndani yake. Kwa mtoto wa kawaida hali hiyo inachosha. Kwa mwenye kipaji inaua hamu kabisa, kwa sababu kichwa chake kina njaa na anapewa mazoezi yasiyo na cha kufikiria. Wakati huohuo wenzake waliobaki darasani wanaongeza maarifa na msamiati wa somo lile alilolikosa. Mwaka 1986 mtafiti Keith Stanovich alieleza mwenendo wa namna hii katika usomaji na kuupa jina kutoka Injili ya Mathayo, pale panaposema aliye nacho ataongezewa. Anayesoma vizuri husoma zaidi, anayesoma zaidi hujua maneno zaidi, na pengo hupanuka kila mwaka. Darasa la ziada linalomtoa mtoto kwenye maarifa ili kumpa lugha humsukuma upande usiofaa wa pengo hilo.

Sababu ni kwamba maarifa hufanya sehemu kubwa ya kazi tunayodhani inafanywa na lugha. Ujerumani, mwaka 1989, Wolfgang Schneider na wenzake walichapisha utafiti uliotumia hadithi ya mchezo wa kandanda kwa wanafunzi wa madarasa mbalimbali. Baadhi walikuwa na uwezo mkubwa kwa vipimo vya kawaida, wengine mdogo. Baadhi waliijua kandanda sana, wengine kidogo. Wenye uwezo mdogo walioijua kandanda walikumbuka na kuielewa hadithi kuliko wenye uwezo mkubwa wasioijua. Kuijua kandanda kuliwabeba kuliko alama za kipimo. Sasa geuza matokeo hayo uyaelekeze kwa mwanafunzi wetu. Mpe wiki sita za kuchimba jambo moja kwa undani, tuseme namna magonjwa yanavyosambaa, au kwa nini himaya fulani ilianguka, na ifikapo wiki ya nne atakuwa anasoma maandishi ambayo kipimo cha usomaji kingesema yako juu ya uwezo wake. Maneno magumu hayatakuwa ya kukariri tena. Yatakuwa majina ya vitu anavyovijua.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye ufundi wa kufundisha.

Mpango wa kawaida wa somo huanza na orodha ya msamiati ubaoni. Mtoto ananakili neno na maana yake kabla hajaona kwa nini mtu yeyote alilihitaji neno hilo. Chukua njia nyingine. Mwalimu anauliza kwa nini nguo iliyofuliwa hukauka. Mtoto anajibu: jua linakausha. Vizuri, mbona hukauka na kivulini? Upepo. Na ndani ya chumba kilichofungwa, hakuna jua wala upepo? Kimya. Kisha mmoja, aghalabu yule wa nyuma, anasema: maji yanatoka yenyewe kidogokidogo, jua na upepo vinayaharakisha tu. Hapo, na si kabla, mwalimu anaandika "uvukizi" ubaoni. Neno limekuja kujaza nafasi iliyokwisha kuchimbwa na hoja. Mtoto aliyelipata hivyo analishika, na ukimpa nafasi ya kulitumia mara kadhaa katika siku zinazofuata, kwa kuongea na kwa kuandika, halimtoki.

Na neno lenyewe zito si tatizo kubwa kama tunavyodhani. Nikisoma maandishi ya wanafunzi wa aina hii, ninachokosa mara chache ni majina ya kitaalamu. Ninachokosa ni viungo vya hoja: ilhali, endapo, licha ya, isipokuwa, kwa kadiri ambayo. Mtoto ameona mambo matatu na uhusiano uliopo kati yake, lakini kwenye karatasi yanaonekana mambo matatu yaliyofuatana na "halafu" mbili. Msomaji mwenye haraka anaona wazo dogo. Mwalimu akimuuliza, "Hili la pili limetokea kwa sababu ya la kwanza, au limetokea licha ya la kwanza?" mtoto anajibu mara moja, na sahihi. Uhusiano ulikuwemo kichwani muda wote. Kufundisha viungo hivyo hakuhitaji kitabu kipya. Kunahitaji mtu anayeuliza swali la namna hiyo kila anaposoma rasimu, na anayemrudishia mtoto rasimu yake aiandike tena badala ya kuijaza wino mwekundu na kuiweka kabatini.

Vitabu vina nafasi yao ambayo mazungumzo hayawezi kuijaza. Mwaka 1988 Donald Hayes na Margaret Ahrens walilinganisha maneno yanayopatikana katika aina mbalimbali za maandishi na mazungumzo, wakakuta vitabu vya watoto vina maneno adimu mengi kuliko mazungumzo ya watu wazima waliohitimu chuo kikuu. Maana yake ni kwamba hata nyumba ya wasomi haiwezi kuongea kiasi cha kufidia kutosoma. Mtoto wa kipato cha chini akipata vitabu, anapata kitu ambacho hata mwenzake tajiri hakipati kwa kusikiliza tu.

Swali ni vitabu gani, na nani achague. Richard Allington na Anne McGill-Franzen, pamoja na wenzao, waliwapa wanafunzi wa shule 17 za maeneo maskini ya Florida vitabu 12 kila likizo ndefu kwa miaka mitatu mfululizo, na wanafunzi wakavichagua wenyewe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha waliopewa vitabu walifanya vizuri zaidi katika mitihani ya kusoma, na waliofaidika zaidi ni maskini zaidi. Wengi wa watoto hao walikimbilia vitabu vya wanamuziki na wahusika wa televisheni, na najua wapo walimu watakaokunja uso. Wasikunje. Acha achague, kisha ongeza juu yake kile asichojua kama kipo: msomee kwa sauti kitabu kilicho juu ya kiwango chake, kwa kuwa sikio la mtoto mwenye kipaji huweza kufuata hoja ambayo jicho lake bado halijaweza kuisoma. Kusomewa kusikomee kwa wasiojua kusoma.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao wataalamu huukwepa, nao ni aibu. Mtoto aliyehamia darasa la vipaji anagundua haraka kwamba namna yake ya kutamka na kupanga maneno inachekesha watu. Ananyamaza. Akijifunza namna mpya, akirudi kwa ndugu zake anaambiwa anajidai. Ananyamaza na huko. Hakuna orodha ya msamiati inayotibu hilo.

Michael Faraday aliyajua haya. Baba yake alikuwa mhunzi mwenye afya mbovu, naye alipata elimu ndogo sana ya shule. Akiwa na miaka 14 aliingia kujifunza kazi kwa mjalidi wa vitabu jijini London, akawa anasoma vitabu alivyoletewa kujalidi. Mwaka 1812 alihudhuria mihadhara ya mwanakemia Humphry Davy, akaandika alichokisikia, akaongeza michoro, akaujalidi mkusanyiko huo na kumpelekea Davy mwenyewe. Mwaka uliofuata akaajiriwa kuwa msaidizi wa maabara katika Royal Institution, taasisi ya sayansi alikofanya kazi Davy. Lugha yake bado ilimtia wasiwasi. Alichofanya ni kuungana na rafiki yake Edward Magrath na wenzao wachache, wakawa wanakutana jioni kusoma pamoja na kukosoana matamshi na upangaji wa sentensi, bila kuoneana haya. Waliendelea hivyo kwa miaka kadhaa. Kijana huyohuyo baadaye alikuwa mmoja wa wahadhiri waliopendwa zaidi London, na mihadhara ya Krismasi kwa vijana, iliyoanzishwa na taasisi hiyo mwaka 1825, aliitoa mara 19.

Mpangilio wa hatua zake ndio ninaoutilia mkazo. Davy hakumwambia akarekebishe sarufi kwanza, kisha arudi maabara. Maabara ilikuja, sarufi ikaendelea kando yake, na ikawa na maana kwa sababu alikuwa na jambo la kusema. Tena alikosolewa na rika lake katika kikundi ambamo kila mmoja alikuwa na makosa yake. Shule inaweza kuunda kikundi kama hicho kwa urahisi: wanafunzi watano au sita, rasimu mkononi, kila mmoja asome kwa sauti, wengine waulize. Sharti ni moja, kwamba kikundi kisiwe cha "wenye matatizo ya lugha" peke yao. Mtoto mmoja aliyekulia penye vitabu akiwemo, akakosolewa naye, aibu inapungua nusu.

Pingamizi ninalolisikia zaidi linasema hivi: kwa nini haya yawe ya wenye vipaji tu? Ni swali la haki. Joyce VanTassel-Baska wa Chuo cha William and Mary, Virginia, aliongoza uundaji wa mtaala wa lugha kwa wanafunzi wenye vipaji, uliojaa fasihi ngumu, mijadala na uandishi wa hoja. Yeye na wenzake walipoujaribu katika shule zenye watoto wengi wa familia maskini, waliingiza madarasa mazima, na waliopiga hatua hawakuwa wale tu waliokuwa wameandikishwa kama wenye vipaji. Kabla yake, mwaka 1986, Henry Levin wa Stanford alikuwa ameanzisha mradi wa shule uliosimama juu ya wazo hilohilo: watoto walio nyuma wafundishwe kama wanavyofundishwa wenye vipaji, kwa kuharakishwa, kwa kuwa mwenye umbali mrefu wa kwenda hapaswi kupunguziwa mwendo. Kwa hiyo sina haja ya kuulinda mpaka. Mtoto mwenye kipaji ndiye anayeumia wazi zaidi kwa mafunzo mepesi, lakini dawa inayomfaa haimdhuru aliyekaa naye dawati moja.

Pingamizi la pili ni la muda, na hilo ni zito. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi kupita kiasi hawezi kusoma rasimu tatu za kila mmoja. Sina jibu la kumfurahisha. Naweza kusema tu kwamba rasimu moja iliyojibiwa kwa maswali mawili ina manufaa kuliko insha nne zilizopewa alama bila neno lolote, na kwamba alama yenyewe ingegawanywa: hoja ipewe yake, lugha ipewe yake. Leo karatasi nyingi zina alama moja, na mtoto mwenye wazo zuri lililovaa sentensi mbovu hapati 40 akajua kwamba wazo lilistahili 80. Anachojua ni kwamba amepata 40.

Hata upimaji wenyewe unahitaji kugeuzwa kidogo. David Lohman wa Chuo Kikuu cha Iowa amekuwa akitahadharisha kwamba kukimbilia mtihani usio na maneno si suluhisho, kwa sababu masomo yenyewe yanahitaji maneno, na uwezo wa lugha ni sehemu ya kipaji chenyewe. Pendekezo lake ni kumlinganisha mtoto na wale waliopata fursa zinazofanana na zake. Mtoto aliyeishi na lugha ya shule kwa miaka miwili, akaweza kuliko wenzake wote wa miaka miwili, ametuonyesha kasi yake, hata kama bado yuko chini ya aliyezaliwa ndani ya lugha hiyo. Ukichanganya na ile miaka mitano hadi saba ya Cummins, inafuata kwamba kumpima mara moja akiwa darasa la pili na kufunga faili ni uzembe. Apimwe tena darasa la nne, na la sita.

Pesa ikipatikana, wa kwanza kuzidai huwa ni wauzaji wa programu za kompyuta za msamiati. Mimi ningempangia mwalimu mmoja saa chache za wiki zisizo na kipindi, kazi yake iwe kukaa na wanafunzi wachache wenye vipaji mmoja baada ya mwingine, rasimu zao zikiwa mezani, awaulize walimaanisha nini, na asubiri wamalize kujibu.